Upasuaji au dawa na lishe: kumchagulia njia mbwa mdogo mwenye mshipa wa mchepuko kwenye ini

Njugu, mbwa wangu, ana kilo 2.8. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku hunifuata jikoni, hukaa karibu na friji na kuinua kidevu. Anasubiri laktulosi yake, dawa tamu na nzito kama sharubati, mililita moja na nusu kwenye bomba dogo lililotolewa sindano. Ni miaka mitano sasa, tangu alipokuwa na miezi minane.

Pamba ni Maltese wa mdogo wangu anayeishi Utrecht, Uholanzi. Alizaliwa na ugonjwa ule ule wa Njugu, wa mshipa wa mchepuko. Alifanyiwa upasuaji akiwa na miezi 11, dawa zikapunguzwa taratibu hadi zikaisha, na leo anakula chakula cha kawaida cha mbwa na kukimbiza njiwa bustanini.

Njia moja ninaishi nayo nyumbani Dar es Salaam, nyingine nimeifuata kwa simu, usiku na mchana. Watu wenye Yorkshire Terrier, Maltese, Shih Tzu na Pug huniuliza mara kwa mara: tumpasue au tubaki na dawa? Jibu langu nalitoa mapema ili asome anayetaka sababu. Kama mshipa ni mmoja, uko nje ya ini, na unaweza kumfikia daktari aliyezoea kazi hiyo, mpasue. Dawa na lishe ni njia ya kweli na humpa mbwa maisha mazuri, lakini asiichukue mtu kwa kudhani kwamba ndiyo rahisi.

Tatizo lenyewe

Damu inayotoka tumboni, kwenye utumbo, bandama na kongosho hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa na kupitishwa kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Ini ndilo linalokagua. Amonia inayotengenezwa na bakteria wa utumbo kutokana na protini hugeuzwa urea, ikatoka kwa mkojo. Mbwa mwenye ugonjwa huu amezaliwa na mshipa wa ziada unaokwepa ini, kama barabara ya mchepuko inayoyapeleka malori mbele bila kupita kwenye mizani. Mzigo wote unaingia mwilini bila kukaguliwa na kufika hadi kwenye ubongo. Ini nalo, kwa kukosa damu yenye virutubisho, linabaki dogo na dhaifu.

Kwa mbwa wa miili midogo, mshipa huo kwa kawaida uko nje ya ini. Kwa mbwa wakubwa kama Labrador na Irish Wolfhound, mara nyingi umejificha ndani ya ini lenyewe, na matibabu yake ni habari nyingine.

Njugu alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wote wa tumbo moja. Saa moja au mbili baada ya kula nyama alikuwa akienda kwenye kona ya baraza, anakandamiza paji la uso ukutani na kusimama hapo, kimya, miguu ya nyuma ikitetemeka kidogo. Mara ya kwanza nilidhani anasinzia. Wiki iliyofuata alianza kuzunguka duara upande mmoja huku mate yakimdondoka, kisha akaanguka kwa degedege.

Hapa kwetu lazima niseme jambo moja kabla ya mengine. Mbwa anayetokwa mate, anayechanganyikiwa na kupata degedege anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni, usimlazimishe kunywa kitu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na kadi yake ya chanjo. Ugonjwa wa distempa, homa ya kupe na kushuka kwa sukari kwa vijibwa vidogo vinaweza pia kufanana na hali hii. Kinachoelekeza kwenye ini ni kwamba dalili zinakuja na kuondoka, mara nyingi zikifuata mlo wenye protini nyingi, kwa mbwa mchanga aliyedumaa, anayekunywa maji mengi na kukojoa mno. Wengine hugundulika baada ya kufungwa kizazi tu: wanachukua muda mrefu ajabu kuamka kutoka kwenye nusu kaputi.

Vipimo huamua nusu ya jambo

Nimeona watu wakibishana kuhusu upasuaji kabla hawajajua kama kuna kitu cha kupasua. Asidi za nyongo, ambazo hupimwa kwenye damu, zikipanda, zinasema ini halifanyi kazi yake ya kuchuja. Hazisemi kwa nini.

Damu huchukuliwa mara mbili: baada ya mbwa kukaa saa 12 bila kula, na tena saa mbili baada ya mlo mdogo. Kijibwa kichanga cha kilo moja kinaweza kuishiwa sukari kwa kufungishwa muda wote huo, kwa hiyo mwachie daktari apange saa. Kipimo kingine ni amonia, na hapa tofauti ni kubwa kwa mtu wa mji wenye joto na foleni kama wetu. Sampuli ya amonia lazima iwekwe kwenye barafu mara moja na ifanyiwe kazi upesi, la sivyo namba inapanda yenyewe ndani ya chupa. Sampuli ya Njugu ilisafirishwa kwa bodaboda, kikombe cha barafu ndani ya begi, na bado daktari alikataa kuitegemea. Asidi za nyongo hazina haraka hiyo. Zinaweza kusafiri hadi maabara ya mbali na majibu yakabaki ya kuaminika. Kwa mazingira yetu, ukilazimika kuchagua kimoja, chukua asidi za nyongo.

Kuna tahadhari kwa wenye Maltese. Uzao huo una mbwa wengi wazima kabisa ambao asidi zao za nyongo huwa juu. Mdogo wangu aliambiwa hivyo siku ya kwanza, na ndiyo maana hawakumkimbiza Pamba kwenye kisu. Walitazama vipimo vingine vya damu: urea iliyo chini, albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini) iliyo chini, chembe nyekundu zilizo ndogo kuliko kawaida. Kisha wakaingia kwenye picha.

Altrasaundi mikononi mwa mtu mzoefu inaweza kuuona mshipa, na ina faida nyingine: huona mawe ya mkojo. Mawe ya ugonjwa huu ni ya uriti, yaani yanayojengwa na amonia na asidi ya yuriki, na eksirei huwa haiyaoni vizuri. Lakini altrasaundi ikikosa kuuona mshipa haina maana kwamba haupo. Picha inayomaliza ubishi ni skani ya CT yenye dawa ya rangi kwenye mishipa, kwa sababu inamwonyesha mpasuaji mshipa unatoka wapi na unaingilia wapi.

Majibu yanaweza kukupeleka sehemu tatu tofauti. Ya kwanza ni mshipa mmoja wa kuzaliwa nao. Hapo ndipo mjadala wa upasuaji au dawa una maana. Ya pili ni hitilafu ya mishipa midogo midogo ndani ya ini, inayowapata sana Yorkshire Terrier, Maltese na Cairn Terrier. Haina mshipa wa kufunga, na wengi wao huishi miaka yao yote bila dalili na pengine bila dawa yoyote. Ya tatu ni mishipa mingi iliyojitengeneza baadaye kwa sababu ini limekakamaa na shinikizo la damu limepanda nyuma yake. Hiyo mishipa ni mlango wa dharura uliofunguliwa na mwili wenyewe. Ukiifunga, unamuua mbwa. Kwa huyo, dawa na lishe pekee ndizo zinazobaki, pamoja na kutibu ini lenyewe.

Upasuaji: wiki chache ngumu

Lengo ni kuufunga mshipa ili damu irudi kupita kwenye ini. Shida ni kwamba mishipa ya ndani ya ini la mbwa huyu ni michanga, haijawahi kubeba mzigo. Ukifunga ghafla, damu inarundikana utumboni, shinikizo linapanda, tumbo linavimba, na mbwa anaweza kufa. Kwa hiyo wapasuaji wengi hupendelea kufunga taratibu.

Pamba alivalishwa pete. Nje ni chuma cha pua, ndani ni kasini, protini ya maziwa iliyokaushwa ikawa ngumu. Pete inazungushwa kwenye mshipa, kasini inanyonya maji ya mwilini na kuvimba kuelekea ndani, na tishu za kovu zinamalizia kazi. Katika wiki chache mshipa unakuwa umezibwa, huku ini likijifunza mzigo wake siku kwa siku. Wengine hutumia utepe wa selofeni, ambao unaamsha kovu polepole na kufikia mwisho ule ule. Nisingemkataa mpasuaji kwa sababu anatumia selofeni badala ya pete. Ningemuuliza amefanya mara ngapi, na ni nani anakaa na wagonjwa wake usiku.

Swali hilo la usiku ni zito kuliko linavyosikika. Hatari kubwa baada ya upasuaji huja katika siku chache za mwanzo: shinikizo kupanda, sukari kushuka, na degedege linaloweza kutokea hadi takriban wiki moja baadaye hata kama amonia imeshashuka. Halimpati kila mbwa, lakini likija ni kali na wengine hawatoki. Mbwa waliopasuliwa wakiwa wakubwa kiumri wanaelekea kupatwa zaidi. Madaktari wengi humwanzishia mgonjwa levetirasetamu, dawa ya kuzuia degedege, kabla ya upasuaji kwa hofu hiyo. Siku ya tatu, saa nane usiku, mdogo wangu alinipigia. “Dada, wamesema masikio yake yanachezacheza, wamemsogeza karibu na meza ya nesi.” Hatukulala. Asubuhi Pamba alikula kijiko cha chakula. Hospitali isiyo na mtu wa kukaa na mgonjwa usiku haifai kwa kazi hii, hata mpasuaji awe hodari vipi.

Katika ripoti kubwa za pete kwa mbwa wenye mshipa nje ya ini, waliokufa kwa ajili ya upasuaji ni chini ya mmoja kati ya kumi, na wengi wa waliobaki waliishi vizuri. Sehemu ndogo hubaki na mshipa usiozibika kabisa, au huota mishipa mingine, na hao hurudi kwenye dawa.

Watu husahau kwamba upasuaji hauondoi dawa na lishe siku hiyo. Mbwa hutulizwa kwanza kwa wiki kadhaa za laktulosi na chakula maalumu, kisha huendelea navyo kwa wiki nyingine baada ya pete, na asidi za nyongo hupimwa tena baada ya miezi mitatu hivi. Zinaweza kubaki juu kidogo kwa mbwa aliyepona kwa macho ya kila mtu. Kwa hiyo aliye kwenye foleni ya upasuaji na aliyeamua kubaki na dawa wanaanza safari kwenye basi moja.

Dawa na lishe: kazi ya kila siku

Hapa ndipo nina mengi ya kusema, kwa sababu hapa ndipo ninapoishi.

Laktulosi ni sukari isiyomeng'enywa na mwili. Inafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, utumbo unakuwa na asidi, na amonia inanaswa humo badala ya kuvuka kuingia kwenye damu. Pia inaharakisha haja. Kipimo sahihi hakisomwi kwenye chupa, kinasomwa kwenye kinyesi: haja laini mara mbili au tatu kwa siku. Ikiwa ngumu, umetoa kidogo. Ikiwa maji, umezidisha, na mbwa anayeharisha anakaukiwa na maji na chumvi, jambo ambalo lenyewe linaleta kuchanganyikiwa. Mwaka wa kwanza niliandika kila haja ya Njugu kwenye daftari la shule, saa na umbile. Laktulosi ninaipata kwenye duka la dawa la kawaida la binadamu.

Antibayotiki hupunguza bakteria watengeneza amonia. Metronidazoli ni ya bei nafuu na ipo kila duka, lakini kwa mbwa mwenye ini la namna hii hutolewa kwa kipimo kilichopunguzwa, takriban miligramu 7.5 kwa kila kilo mara mbili kwa siku. Kwa Njugu hiyo ni miligramu 21. Kidonge cha mtu mzima kina karibu mara kumi ya hapo au zaidi, kwa hiyo kukikata kwa kisu cha jikoni ni kucheza na ubongo wa mbwa. Ikizidi, mbwa anayumba, macho yanachezacheza, na mwenye mbwa anadhani ni amonia, anaongeza dawa. Tumia sirapu na bomba la kupimia. Vidonge vyake pia ni vichungu kupita kiasi, na mate yatakayomtoka kwa uchungu yatakutisha bure.

Kwa degedege, levetirasetamu hupendelewa kwa kuwa haitegemei sana ini; ugumu wake ni kwamba inatakiwa kila baada ya saa nane, na ndiyo iliyonifundisha kuamka bila saa. Ukipewa dawa ya maji ya binadamu, soma lebo yote: tamutamu ya zailitoli ni sumu kwa mbwa.

Sasa chakula. Kosa la kwanza ni kumnyima mbwa protini kabisa. Nililifanya: wiki tatu za wali mtupu na karoti, na Njugu akakonda mpaka mgongo ukawa msumeno. Misuli nayo hushughulikia amonia, kwa hiyo mbwa aliyekonda ana ulinzi mdogo zaidi. Kinachotakiwa ni protini ya kiasi, iliyo bora, kutoka chanzo kinachovumilika. Nyama nyekundu, maini, matumbo, damu na dagaa ndivyo vibaya zaidi kwake, na bahati mbaya ndivyo mbwa wetu wengi wanavyolishwa. Mayai, maziwa na soya huvumilika vyema. Vyakula vya viwandani vya ini kama Hill's l/d na Royal Canin Hepatic vimetengenezwa kwa hesabu hiyo, na ukivipata bila kukatika, hiyo ndiyo njia salama kwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Sisi tulikuwa tunaishiwa katikati ya mwezi. Kwa hiyo nilijifunza kugandisha maziwa kwa ndimu, kuyachuja kwenye kitambaa, na kuyachanganya na wali laini, viazi vitamu na yai. Ni sawa na paniri ya maduka ya Wahindi, ila isiyo na chumvi. Milo minne midogo kwa siku, sahani isiyozidi kiganja. Chakula cha kupika nyumbani kinahitaji madini na vitamini vilivyopimwa, hasa kwa mbwa anayekua. Daktari wetu aliandika unga wa kuongeza na nimeufuata neno kwa neno.

Adui mkubwa wa njia hii ni watu wanaompenda mbwa. Mama yangu mkwe alikuja kwa Idi, akamwonea huruma mtoto wa watu asiyeonja pilau, akampa kipande cha maini chini ya meza. Usiku wa saa sita Njugu alikuwa ukutani tena. Sikumlaumu, hakuna aliyekuwa amemweleza. Tangu hapo kuna karatasi kwenye mlango wa friji yenye maandishi makubwa, na dada wa kazi, mlinzi na mtoto wa jirani wameisoma wakiwa nami.

Kuna vitu vinavyoharibu hali hata chakula kikiwa sahihi. Minyoo ya safura hunyonya damu na kuivujisha utumboni, na damu ndani ya utumbo ni mlo wa protini ambao hukuupika. Dawa ya minyoo kwetu haina mzaha. Kufunga choo, kutapika, homa yoyote. Dawa za maumivu za binadamu, na hata nyingi za mbwa. Dawa za usingizi za kawaida. Vidonge vya kupe vya kundi la isoksazolini, ambavyo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2018 kwamba vinaweza kuchochea degedege kwa baadhi ya mbwa. Kwa Njugu tuliamua kutafuta kinga nyingine. Kila daktari mgeni anayemgusa aambiwe kwanza habari ya ini.

Na siku akizidiwa, asipoweza kumeza, usimmiminie laktulosi mdomoni, itaingia mapafuni. Mpake asali kidogo kwenye ufizi endapo sukari imeshuka, mfunge kwenye kanga asijiumize, nenda. Kliniki inaweza kumsafisha utumbo kwa njia ya haja kubwa, kumwekea dripu na kupima sukari.

Miaka mbele

Utafiti ambao mimi huwapa watu ni wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014. Mbwa 124 wenye mshipa wa kuzaliwa nao walifuatiliwa, 97 wakiwa wamepasuliwa na 27 wakiwa kwenye dawa pekee, nusu yao kwa zaidi ya miaka mitano. Hatari ya kufa kwa walio kwenye dawa ilikuwa kama mara nane ya waliopasuliwa, na waliopasuliwa walibaki na dalili chache. Umri wa kuanza matibabu haukubadilisha matokeo ya kuishi, jambo linalonipa moyo ninapomtazama Njugu. Mgawanyo haukuwa wa kura. Wenye mbwa ndio waliochagua, na fedha ina sauti yake katika uchaguzi kama huo. Hata hivyo pengo la namna ile ni kubwa mno kulieleza kwa fedha peke yake.

Upande wa pili, utafiti wa mwaka 1998, pia wa Uingereza, uliwatazama mbwa 27 waliotibiwa kwa dawa tu. Kidogo zaidi ya nusu yao walilazwa usingizi wa mwisho, wengi bila kupita mwaka mzima, lakini kundi zuri liliishi miaka kadhaa, maisha ya kuridhisha. Walioelekea kufaulu ni wale ambao dalili zao zilichelewa kujitokeza. Kwa hiyo kijibwa cha miezi mitatu kinachopata degedege kila wiki na mbwa wa miaka saba aliyegunduliwa kwa bahati siyo wa kupewa ushauri mmoja. Wa kwanza ningemkimbiza kwa mpasuaji mara tu akitulia. Wa pili, kama chakula pekee kimemtuliza, ningeweza kumwacha hivyo bila kujiona mkosefu.

Kuhusu gharama, upasuaji ni pigo moja zito, likiwa na skani, siku za kulazwa na safari. Dawa ni senti zinazodondoka kila siku bila kukoma, na siku za dharura juu yake. Nilipokusanya risiti za Njugu za miaka mitano nilikaa nazo mezani muda mrefu. Zaidi ya fedha, njia ya dawa inataka nyumba ambayo kuna mtu saa nane mchana. Sijasafiri usiku mbili mfululizo tangu mwaka ule bila kumfundisha mtu upya, bomba kwa bomba.

Njia yoyote utakayochagua, usimzalishe. Tatizo hili linarithiwa, na kumfunga kizazi mara nyingi hufanyika kwenye upasuaji ule ule wa pete.

Uamuzi ukifunguliwa tena

Miaka mitano iliyopita sikuwa na uwezo wa kumtoa Njugu nchini, na nilichagua dawa kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Haukuwa uamuzi mbaya. Lakini mwezi Machi alianza kuchuchumaa mara kumi kwa saa, akitoa matone yenye damu. Altrasaundi ilionyesha mawe matatu kwenye kibofu, ya uriti, yaliyojengwa na amonia ile ile ambayo laktulosi haikuimaliza. Yanaweza kuondolewa, ila mshipa ukibaki wazi yatarudi, na kila nusu kaputi kwake ni hatari. Mpasuaji anayefunga mshipa anaweza kuyatoa siku hiyo hiyo.

Safari ya mbwa kutoka Tanzania kwenda Uholanzi ina ratiba isiyobembelezwa. Kwanza chipu ya utambulisho, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Zikipita siku 30 au zaidi, damu inatolewa na kupelekwa maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, kinga ifike angalau 0.5 IU kwa mililita, na tangu siku ya kutolewa damu isubiriwe miezi mitatu ndipo aruhusiwe kuingia. Ambaye mbwa wake amegunduliwa leo na anafikiria kumpeleka huko, aanze na chanjo na damu hata kabla hajaamua. Muda huo wa kusubiri ndio muda wa kumtuliza kwa laktulosi na lishe. Asipewe dawa ya usingizi kwa ajili ya ndege.

Damu ya Njugu ilitolewa tarehe 9 Mei na majibu yake yako ndani ya bahasha juu ya friji. Mdogo wangu ameshahifadhi nafasi ya skani katikati ya Agosti. Ameniambia nije na daftari la haja, yote ya miaka mitano, kwa sababu mpasuaji ameomba kuliona.